Mistari Mitatu ya Kubandika: uhakiki wa vifurushi vya Linux visivyo rasmi

Msomaji, kama umewahi kutumia Linux hata kwa mwezi mmoja, ujumbe huu unaufahamu. Umekwama kwa sababu programu iliyo kwenye kompyuta yako ni ya zamani. Unauliza wenzako. Baada ya dakika chache mtu mwenye moyo mzuri anakutumia mistari mitatu: "Bandika kwenye terminali, bonyeza enta, kazi kwisha." Unabandika. Kompyuta inaomba nywila, unaiandika. Na kweli, kazi inakwisha. Unamshukuru, anakujibu "pamoja sana", maisha yanaendelea.

Leo nataka tuihakiki mistari hiyo kama tunavyohakiki maandishi mengine yoyote: nani kaiandika, inamwambia nini msomaji wake, na imenyamazia nini. Maana ni maandishi ya ajabu kidogo. Ni mafupi kuliko tangazo la kifo redioni, lakini yanakuomba funguo za nyumba nzima.

(Kabla hatujafika mbali: "kifurushi" kwenye makala hii si kile cha intaneti unachonunua kwa simu. Kwa watu wa Linux, kifurushi ni faili moja lililobeba programu pamoja na maelekezo ya kuiweka mahali pake. Ghala ni seva inayohifadhi vifurushi hivyo. Kompyuta yako, iwe ya Ubuntu, Debian au Arch, inakuja ikiwa tayari inayajua maghala yake rasmi.)

Nianze na kisa changu mwenyewe, usije ukadhani nawasema wengine.

Ubuntu 20.04 ilitoka tarehe 23 Aprili 2020. R, lugha ya takwimu ambayo wengi wetu kwenye sayansi tunaitegemea, ilitoa toleo lake la 4.0.0 tarehe 24 Aprili 2020. Siku moja baadaye! Kwa hiyo Ubuntu ile, iliyokusudiwa kuhudumiwa kwa miaka mitano, ilifungwa ikiwa na R 3.6.3 na ikabaki nayo. Mimi nilikuwa nachakata data za vituo vya sampuli baharini, na kifaa kimoja cha R nilichokihitaji kilidai toleo la 4. Mwenzangu wa maabara akanitumia mistari mitatu. Wa kwanza unaongeza ghala la mtu binafsi, wa pili unasoma orodha upya, wa tatu unasakinisha. Nikabandika. R 4 ikaja. Zikaja pia maktaba kadhaa za mfumo ambazo sikuziomba, nami sikuzitazama mara mbili.

Kesho yake nikaendesha skripti ya sura yangu ya tatu, ile ambayo nilishaikabidhi. Majedwali yakatoka tofauti. Wastani wa kina cha maji kwenye kituo kimoja ulikuwa mita nne na kitu, sasa unasoma mita kumi na moja. Unaweza kufikiria nilivyojisikia. Nikaanza kumlaani mwenye ghala, nikamlaani na mwenzangu.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Kwenye R ya zamani, amri ya read.csv ikikutana na safu yenye neno hata moja katikati ya namba, iliigeuza safu nzima kuwa makundi, bila kukuuliza. Mimi kwenye safu ya kina nilikuwa nimeandika "haikupimwa" mahali pamoja tu. Kisha skripti yangu ikaiambia R iigeuze safu hiyo kuwa namba kwa as.numeric, na R ikanipa namba za makundi: kundi la kwanza, la pili, la tatu, yakiwa yamepangwa kialfabeti. Hazikuwa mita nilizopima hata kidogo. R 4.0.0 iliacha tabia hiyo ya kugeuza maneno kuwa makundi, kwa hiyo ilisoma namba zangu kama namba, na pale penye "haikupimwa" ikaacha pengo na kutoa onyo. Sura iliyokabidhiwa ndiyo iliyokuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu.

Nikaenda kumwambia Dokta anayenisimamia. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, halafu hakuuliza juu ya kina cha maji. Aliuliza: "Na hiyo R uliyoweka, imejengwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Kwenye sehemu ya mbinu nilikuwa naenda kuandika "R toleo la 4" kama kawaida. Lakini R 4 ya nani? Waliotunga R huandika msimbo wake. Ili msimbo huo uwe kifurushi cha Ubuntu, lazima mtu aujenge kwenye mashine yake, achague maktaba za kuuunganisha nazo, pengine abadilishe hiki na kile. Mtu huyo mimi simjui jina lake la kweli, sijui ana ujuzi gani, wala kama bado yuko kazini. Na kompyuta ile ndiyo iliyotoa kila namba ya tasnifu yangu.

Sasa tuitazame mistari yenyewe. Kosa lake la kwanza linatokana na neno tunalolitumia sisi sote: "isiyo rasmi". Isiyo rasmi kwa nani? Waliotunga R wana mtandao wao wa maghala, CRAN, na humo kuna vifurushi vya R vilivyojengwa kwa ajili ya Ubuntu. Kwa watu wa Ubuntu hivyo si rasmi. Kwa watu wa R ni vya nyumbani. Ghala nililopewa mimi lilikuwa la aina ya tatu: mtu binafsi aliyejenga kwa matumizi yake, akaona aibane jirani wa nini, akaliacha wazi kwa wote. Mwenzangu angeweza kunielekeza CRAN. Hakufanya hivyo kwa sababu naye alitumiwa mistari ileile na mtu mwingine, na mistari hiyo haisemi kwamba kuna njia iliyo karibu zaidi na chanzo. Tunapoviita vyote "visivyo rasmi", tunamfanya mtunzi wa programu na mtu tusiyemjua waonekane sawa.

Kosa la pili ni kule kudhania kwamba cha zamani ni kibovu. Debian hutoa toleo imara takriban kila baada ya miaka miwili, na kwa miezi kadhaa kabla ya kutolewa huwa hawaingizi matoleo mapya, wanarekebisha tu. Likishatoka, namba za programu zinabaki zilivyo. Lakini tundu la usalama likipatikana, wanachukua ule urekebishaji peke yake na kuupandikiza kwenye toleo la zamani. Namba kwenye kioo inaonekana ya mwaka juzi ilhali tundu limezibwa wiki iliyopita. Ukiona mtu anakwambia "sasisha haraka, hiyo yako ni ya kale, utadukuliwa", muulize kama amesoma kumbukumbu za mabadiliko ya kifurushi chenyewe au ametazama namba tu.

Hata hivyo sitaki kuwapaka mafuta watu wa maghala rasmi. Mtafiti anayehitaji toleo jipya leo hawezi kusubiri miaka miwili. Hitaji ni la kweli, na wanaojenga vifurushi usiku na kuvigawa bure wanalijibu kwa jasho lao. Ninachokihakiki ni namna wanavyovigawa, na namna tunavyovipokea.

Hebu tuingie jikoni. Unapoandika apt install kwenye Ubuntu au Debian, nini hukuhakikishia kwamba kifurushi kilichofika ndicho? Faili lenyewe la .deb, kwa kawaida, halina sahihi ya mtu yeyote. Kilichotiwa sahihi ni orodha kuu ya ghala. Orodha hiyo ina alama za ukaguzi za orodha ndogo, na kila orodha ndogo ina alama ya ukaguzi ya kila kifurushi. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika ukigusa hata herufi moja ya faili. Kompyuta yako inakagua sahihi ya juu kwa ufunguo ilionao, kisha inashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye faili. Ni mnyororo. Pete moja ikikatika, apt inapiga kelele.

Mstari wa kwanza kati ya ile mitatu unaingiza ufunguo wa mtu mwingine kwenye mnyororo huo. Kwa miaka mingi ulifanya hivyo kwa njia mbaya kabisa: ufunguo ukishaongezwa, uliaminiwa kwa maghala yote. Yaani umemwalika fundi akutengenezee bomba, kumbe umempa funguo za vyumba vyote na za sandukuni. Siku hizi inawezekana kuufunga ufunguo kwa ghala lake tu, kwa kipengele cha signed-by. Lakini mistari ya zamani bado inazunguka, kwa sababu mistari ya kubandika haizeeki, inanakiliwa tu.

Mstari wa tatu nao una siri yake. Kifurushi cha .deb kinaweza kubeba hati ndogo zinazoendeshwa kabla na baada ya kusakinisha, na huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa kompyuta. Hakuna tena "programu hii itagusa faili zangu tu". Inaweza kugusa chochote.

Sasa ongeza kanuni moja ndogo ya apt, iliyoniletea zile maktaba ambazo sikuziomba. Maghala mawili yakiwa na kifurushi chenye jina moja, na hukuweka kipaumbele chochote, kinachoshinda ni kile chenye namba kubwa ya toleo. Hakiangaliwi kimetoka kwa nani. Mwenye ghala la R akiweka humo na maktaba ya mfumo yenye namba ya juu kidogo, kompyuta yako itaibadilisha siku ya kusasisha. Na namba yenyewe inaweza kupandishwa: Debian inaruhusu kutanguliza tarakimu na nukta pacha, kwa hiyo 1:0.5 inaishinda 9.9 bila ubishi. Kanuni hii iliwekwa kwa sababu njema, kwa ajili ya programu zinazobadilisha mtindo wa namba zao. Ila pia inamruhusu mwenye ghala lolote kupanda juu ya wote.

Ukitaka kuona jambo hili kwa uwanda mpana, tazama historia ya debian-multimedia.org. Kwa miaka mingi ghala hilo, lisilo la mradi wa Debian japokuwa jina linaimba hivyo, lilikuwa la lazima kwa yeyote aliyetaka kutazama filamu au kutengeneza MP3 kwenye Debian, kwa sababu Debian ilikwepa baadhi ya programu hizo kwa hofu ya hataza. Liliwasaidia watu wengi mno. Lilikuwa pia na vifurushi vyenye majina yaleyale ya Debian na namba za kutanguliza zilizo kubwa zaidi, kwa hiyo ukishaliongeza, vya kwake vinashinda. Baadaye ghala likahamia jina jingine, deb-multimedia.org, na jina la zamani likaachwa likaisha muda wake. Juni 2013 mradi wa Debian ukatoa tahadhari: jina la zamani limesajiliwa upya na mtu wasiyemjua, liondoeni kwenye kompyuta zenu.

Fikiria hapo. Kompyuta zilizokuwa na mstari ule wa zamani ziliendelea kwenda kila siku kwenye anwani ileile kuuliza, "kuna jipya?" Anwani ni ileile, mwenye nyumba kabadilika. Kilichosimama kati yao na balaa ni ule ufunguo: mmiliki mpya wa jina hakuwa na ufunguo wa zamani wa kutia sahihi. Aliyekuwa amezoea kupuuza maonyo ya apt, au aliyeambiwa na mtu "weka tu trusted=yes, itakubali", hakuwa na kinga yoyote. Na mradi wa Debian haukuwa na njia ya kuingia kwenye kompyuta za watu na kuufuta mstari. Uliweza kutangaza tu.

Kwa hiyo swali la Dokta wangu lina sehemu ya pili ambayo yeye hakuisema: nani ataweza kukibadilisha kesho kile nilichokikubali leo?

Watu wa Arch Linux watakuwa wameshaanza kunung'unika: sisi kwetu si hivyo. Ni kweli, na hapa natoa sifa. Arch wana ghala la watumiaji, AUR, lenye makumi ya maelfu ya vifurushi visivyo rasmi, na limejengwa kwa wazo ninalolipenda. Hupewi programu iliyokwisha pikwa. Unapewa namna ya kupika: faili fupi la maandishi liitwalo PKGBUILD, linalosema msimbo unachukuliwa wapi, alama yake ya ukaguzi ni ipi, unajengwa kwa amri zipi. Kompyuta yako ndiyo inayopika. PKGBUILD nzuri ni mistari thelathini hivi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuisoma. Ukilinganisha na mistari mitatu ya kubandika, hii inamheshimu msomaji wake, maana inaweka kila kitu mezani.

Lakini mezani pia lazima mtu akae asome. Julai 2018 kifurushi cha acroread, kisomaji cha PDF cha Adobe, kilikuwa hakina mtunzaji. Kwenye AUR kifurushi kilichoachwa kinaweza kuchukuliwa na mwenye akaunti yeyote. Mtu akakichukua, akaongeza amri ya curl ya kupakua skripti kutoka mtandaoni na kuiendesha. Skripti ile ilikusanya taarifa za kompyuta. Ilikuwa kazi ya ovyo, ikagunduliwa haraka na kuondolewa, na iligundulika kwa sababu maandishi yalikuwa wazi. Tarehe 16 Julai 2025 vikapandishwa vifurushi vyenye majina ya kuvutia: librewolf-fix-bin, firefox-patch-bin, zen-browser-patched-bin. Angalia majina hayo kwa jicho la mhakiki: "fix", "patch", "patched". Mwandishi anajua msomaji wake ana shida na anatafuta dawa. Ndani yake mlikuwa na CHAOS, programu ya kumpa mtu wa mbali udhibiti wa kompyuta yako. Viliondolewa tarehe 18 Julai. Siku mbili.

Zana wanazotumia wengi, kama yay, zinaweza kukuonyesha kilichobadilika tangu mara ya mwisho kabla ya kujenga. Ni fursa adimu kabisa. Nimemwona jamaa akisasisha AUR, zana ikamuuliza kama anataka kusoma mabadiliko, kidole kikagonga enta kabla swali halijakamilika kwenye kioo. Nilimcheka, halafu nikakumbuka mimi ni nani.

Je, basi tukimbilie kwenye cha rasmi na tulale usingizi? Hapana. Mwaka 2006 kifurushi rasmi cha OpenSSL kwenye Debian kilifanyiwa mabadiliko madogo, kwa nia njema, kunyamazisha malalamiko ya zana za kukagua kumbukumbu kama valgrind. Mabadiliko hayo yaliondoa karibu bahati nasibu yote inayotumika kutengeneza funguo za siri. Kilichobaki ni namba ya mchakato, yaani uwezekano 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo. Kompyuta ya kawaida inazimaliza zote. Kosa lilitangazwa Mei 2008, karibu miaka miwili baadaye, na vifurushi vilivyotokana na Debian, Ubuntu ikiwemo, vilikuwa vimeambukizwa. Mtunzi wa awali wa OpenSSL hakuwa na kosa hilo kwenye msimbo wake. Liliingia kwenye hatua ya kufungasha, na likatiwa sahihi halali kabisa.

Halafu xz. Huenda umeisikia hii. Mtu aliyejiita Jia Tan alisaidia kwa zaidi ya miaka miwili kwenye mradi mdogo wa kubana mafaili, akaaminiwa, na mapema 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri. Sehemu yake moja ilikuwemo kwenye faili la kutolea toleo na haikuwepo kwenye msimbo unaoonekana hadharani. Nyingine ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio. Ungeweza kuisoma PKGBUILD mpaka macho yaume, usingeuona. Tena mlango ulifika kwenye huduma ya SSH kwa sababu baadhi ya mifumo rasmi ilikuwa imeiongezea SSH kipande cha kuzungumza na systemd, na kipande hicho kinaitegemea maktaba ya xz. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Alikuwa anapima kasi ya kitu kingine, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa nusu sekunde. (Valgrind ileile iliyotajwa juu nayo ilikuwa imempa dokezo. Zana haina kosa, inategemea nani anaisikiliza.) Waliokuwa kwenye Debian imara hawakuguswa, kwa sababu toleo bovu lilikuwa bado halijawafikia. Wapenda vipya ndio waliolipokea kwanza.

Sikuelezi haya ili ukate tamaa. Nataka uone kwamba mhuri wa "rasmi" unakueleza jambo moja tu, kwamba kuna kundi la watu wanaojulikana, wenye utaratibu, na pa kuwapigia kelele. Hausemi kwamba hawakosei. Na "isiyo rasmi" inayokuonyesha kila hatua inaweza kustahili imani zaidi kuliko nyingine iliyo kimya.

Sasa turudi kwetu, maana tuna mtindo wetu wa kugawana ambao ni hatari kuliko yote niliyoyataja, na ni wetu sote: flashi. Bando ni ghali, maabara ina watu kumi, mmoja anapakua, anakopi .deb zote kwenye flashi, wengine wanazisakinisha kwa dpkg -i. Nimefanya hivyo mara nyingi, na nitafanya tena. Lakini kumbuka ule mnyororo: sahihi iko kwenye orodha ya ghala, haiko kwenye faili. Faili likishatoka ghalani na kuingia kwenye flashi, au likatumwa kwa simu, limeacha sahihi nyuma. Amri ya dpkg -i kwa kawaida haikagui sahihi yoyote. Inafungua na kuendesha zile hati za msimamizi mkuu, basi. Flashi hiyohiyo ilipita jana kwenye kompyuta ya stationeri.

Dawa ipo na haigharimu kitu kikubwa. Kama kompyuta yako ina orodha ya ghala iliyosasishwa, andika apt-cache show ukifuatisha jina la kifurushi. Mle ndani utaona SHA256 yake. Kisha andika sha256sum na jina la faili lililo kwenye flashi. Hakikisha unalinganisha toleo moja, na mfuatano ufanane wote, herufi kwa herufi. Umeunga tena mnyororo kwa mkono wako.

Na wewe unayegawa, kuna mstari wa nne ambao karibu hakuna anayeuandika: namna ya kutoka. Mwaka 2022 nilipotaka kuhamia Ubuntu 22.04, zile maktaba za ghala la mtu binafsi zilikuwa na namba za juu kuliko za mfumo mpya, usasishaji ukakwama katikati, na mwenye ghala alikuwa kimya muda mrefu. Nilipoteza siku nzima mpaka nikaijua ppa-purge, zana inayoliondoa ghala na kurudisha vifurushi kwenye matoleo ya mfumo. Mstari mmoja! Ungekuwemo kwenye ujumbe ule wa kwanza, ningekula chakula cha mchana.

Nilimuuliza yule mwenzangu, "Kaka, ghala lile lilikuwa la nani hasa?"

"Hata mimi nilitumiwa tu," akasema.

Hatukugombana. Tulikaa tukatengeneza faili la maandishi, tukaliweka kwenye flashi ya maabara pamoja na vifurushi. Kila kifurushi kina mstari wake: kimechukuliwa wapi, tarehe gani, SHA256 yake, kimejengwa na nani, kinaondolewaje. R sasa tunaichukua CRAN na ufunguo wake umefungwa kwa ghala hilo tu. Sura ya tatu niliirudia yote, na kwenye sehemu ya mbinu nikaandika toleo la R na ghala lilikotoka.

Safu ya "kimejengwa na nani" imejaa karibu yote. Umebaki mstari mmoja: programu ya kusomea kipima kina chetu, ambayo kampuni iliyoitengeneza haipo tena, na .deb yake tuliachiwa na mwanafunzi aliyehitimu kabla yetu. Hapo tumeweka alama ya kuuliza. Bado tunaitumia, kwenye kompyuta ya pembeni isiyounganishwa na intaneti.